Gari nimelinunua Machi, wananidai maegesho ya mwaka juzi. Nilipe?

MamaSidi_Bombo
Asalaam alaykum ndugu zangu. Nina jambo linanikereketa tangu Ijumaa, naomba mnishauri kabla sijafanya pupa.

Mimi nina duka Bombo: sabuni, biskuti, mafuta ya kula na vikorokoro vingine. Kila Ijumaa alfajiri nashuka Kampala kuchukua mzigo Kikuubo, kule kwenye maduka ya jumla, nikiwahi narudi kabla foleni ya Kawempe haijafunga njia. Ijumaa hii nilikosa pa kupaki. Nikazunguka Ben Kiwanuka mara mbili, nikapanda William Street, mwisho nikaona nafasi yenye mistari, nikaingia. Mtu wa kukata tiketi hakuwepo. Nikamwuliza kijana anayeuza chaja za simu hapo kando, akasema "atakuja, wewe nenda". Nikaenda.

Kurudi, baada ya kama saa moja na nusu, gurudumu la mbele limefungwa chuma. Kufuli wamelivisha kaveera, mfuko wa plastiki, lisiingie mvua, nikajua hawa kazi yao wameizoea. Na kwenye kioo, hapo hapo ninapotazamia barabara, wamebandika karatasi. Nyuma yangu vijana wawili wana katoni za sabuni kichwani, wananitazama, na kila dakika wanayosimama ni pesa yangu.

Akaja binti na kile kimashine cha mkononi. Nikamsemesha Kiswahili, akasimama wima kama ameona afande. Si mnajua Kampala, ukiongea Kiswahili wanadhani umetoka kambi ya jeshi, na mimi nikaongeza kwamba natoka Bombo, penye kambi yenyewe! Basi akaandika namba ya gari, karatasi ikatoka ndefu hiyo, ikajikunja mpaka chini. Tiketi 14 hazijalipwa. Jumla 186,000, na ya kufungua chuma mbali.

Nikamwambia mwanangu, gari hili nimelinunua Machi mwaka huu, tiketi ya kwanza hapa ni ya mwaka juzi. Akanijibu kwa upole kabisa: "Nnyabo, sisi tunadai gari, hatudai mtu."

Nimelipa ya chuma na ya siku ile, msimamizi wao akanipa wiki moja ya kumaliza yaliyobaki. Aliyeniuzia gari hapokei simu. Mkataba wa mauziano ninao, una muhuri wa mwenyekiti wa LC1, serikali yetu ya kijiji. Kadi ya gari bado ina jina lake, na hapo najua nimekosea. Sasa nilipe yote nipumzike, au nigome? Nikigoma, wakinikuta tena mjini si watalivuta kabisa?

Kondakta_Mstaafu
Lipa mama. Ukishindana nao utakula nauli ya wiki nzima kwenda ofisini kwao, na duka limefungwa.

FundiKatwe
Ya madeni siyajui. Ila hiyo karatasi kwenye kioo usiikwangue kwa wembe, utakichora. Chovya kitambaa kwenye mafuta ya taa, kilaze juu yake dakika kumi, halafu futa.

Boda_Wandegeya
Mimi mnisamehe. Mtu mmoja anaacha chuma cha tani moja katikati ya William Street saa moja na nusu, halafu analia. Hapo zingekaa boda nane na wachuuzi kumi. Hajati, paki Wandegeya, nikupeleke Kikuubo mimi.

MamaSidi_Bombo
@Boda_Wandegeya na katoni ishirini za sabuni utanipakiza wapi, kwenye kofia?

Boda_Wandegeya
Tumeshabeba friji sisi.

KaraniWaMahakama
Dada, usilipe yote leo na usigome. Kwanza tenganisha, maana hapo umeunganishiwa vitu viwili kwenye karatasi moja, na ndiyo maana inakutisha.

Kuna tiketi za kabla ya siku uliyonunua gari, na kuna za baada yake. Hizi za baada ni zako hata kama hukumbuki, mpaka uonyeshe vinginevyo. Za kabla ni za mwenye gari wa wakati ule. Yule binti kasema anachofundishwa. Mashine yake inajua namba ya gari tu, haijui kama gari limebadilisha mkono. Lakini mashine kutojua si sababu ya wewe kulipa. Mkataba wako una tarehe, una muhuri wa LC1, una mashahidi. Huo ndio utakaozungumza.

Udhaifu wako ni kadi ya gari. Kwenye daftari la serikali, mwenye gari ni yule ambaye jina lake limeandikwa, na kwa sasa si wewe. Watu wa mji huu wana tabia hiyo: mtu ananunua gari, anakaa nalo miaka mitano kwa jina la mwingine, kwa sababu kubadilisha kunagharimu na hakuna anayemwuliza. Linaumiza pande zote mbili. Wewe ukigonga mtu kesho, polisi wanaanza kwa yule aliyekuuzia. Huenda ndiyo maana hapokei simu, anadhani umeua mtu!

Kwa hiyo: andika barua ya ukurasa mmoja. Sema gari namba fulani umelinunua tarehe fulani, nakala ya mkataba hii hapa, naomba mchanganuo wa kila tiketi, siku, saa na mtaa, na naomba deni la kabla ya tarehe hiyo liondolewe kwangu. Peleka nakala mbili, moja wakugongee muhuri wa kupokea urudi nayo nyumbani. Usiwape nakala halisi ya mkataba hata wakikubembeleza. Na ile wiki moja aliyokupa msimamizi, iandike kwenye barua pia, maana ya mdomo hayana shahidi.

Jirani_Nansana
Sikiliza na hili. Ukifika pale nje ya ofisi atakuja kijana msafi, ana kalamu mfukoni, atasema anaweza "kuyafuta ndani ya mfumo" kwa elfu arobaini. Namba atakayokupa ya kutuma pesa ni yake ya simu. Mimi nilituma. Miezi miwili baadaye nimefungwa chuma Nkrumah Road, deni liko vilevile, tena limeongezeka. Kijana hapokei simu mpaka leo. Pesa yoyote utakayotoa iwe kwa namba ya malipo inayotoka kwenye mashine au ofisini, na upate risiti.

Kondakta_Mstaafu
@Jirani_Nansana huyo kijana wa kalamu namjua nadhani. Ana kaka yake pale kwenye paspoti.

Mgeni_Kariakoo
Habari zenu. Mimi niko Dar lakini nakuja Kampala kwa biashara ya spea. Huku kwetu maegesho ya barabarani yanakusanywa na TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, unapewa namba ya malipo, na deni nalo linakaa kwenye namba ya gari. Kwa hiyo mtu akitaka kununua gari, kabla hajatoa hela anaingiza namba kwenye simu anaangalia madeni. Imekuwa kama kuangalia oili. Je, huko kwenu hakuna namna ya kuangalia kabla ya kununua?

KaraniWaMahakama
@Mgeni_Kariakoo namna ipo, ila watu hawaitumii. Mnunuzi anafungua boneti, anapiga tairi teke, anauliza inakunywa mafuta kiasi gani. Nenda tu kwa mkata tiketi yeyote mtaani, mpe namba ya gari unalotaka kununua, atakwambia linadaiwa ngapi. Dakika moja. Na za polisi uziulizie pia, hizo ni daftari jingine.

Akedi_ya_Zamani
Hapo kwenye "daftari jingine" naomba niingie, maana naona watu wengi wanachanganya.

Tiketi ya maegesho na faini ya trafiki ni vitu viwili. Ile karatasi anayokuandikia askari wa trafiki inatoka kwenye mpango wa faini za papo hapo ulioanza 2004. Ile una siku 28 za kulipa, unalipa benki au kwa simu, humpi askari mkononi. Huyu wa maegesho si askari. Anaweza kufunga gurudumu lako, lakini hawezi kukunyang'anya leseni, na akikuomba leseni mwambie aite trafiki. Kisha kuna zile za kamera, za Juni 2025, mnakumbuka kelele zile? Kuzidisha mwendo unaoruhusiwa kwa kilomita 30 kwa saa au pungufu ilikuwa 200,000, zaidi ya hapo 600,000, na ujumbe unakufuata kwenye simu umekaa sebuleni. Watu walipiga kelele mpaka zikasimamishwa kabla hata mwezi haujaisha. Kwa hiyo serikali ikibanwa kwa hoja inasikia. Barua ya @KaraniWaMahakama si kupoteza wino.

Ila @MamaSidi_Bombo nikwambie kwa nini hukupata pa kupaki, kwa sababu mimi nimepanga akedi, yale majengo ya maduka madogo madogo, hapo chini mjini miaka mingi. Majengo mengi kule chini yalichorwa na maegesho chini ya ardhi. Yako kwenye ramani. Mwenye jengo akipiga hesabu anaona gari moja linakaa mahali ambapo yangeingia maduka mawili ya viatu, na duka linalipa kodi kila mwezi, gari linalipa kwa saa. Basi anaweka mbao, anaweka taa, anapangisha. Mimi mwenyewe nilikuwa kwenye chumba kama hicho, mistari ya maegesho iko bado sakafuni chini ya meza yangu, namba 17. Mvua ikinyesha tunapandisha mizigo juu ya viti. Halafu magari yote yale yaliyotakiwa kuwa chini yanabaki juu barabarani, yanagombania mistari michache na taksi, boda, na watu wa miguu. Luwum Street na Namirembe Road zikatengenezwa upya kwa ajili ya wanaotembea na baiskeli, jambo zuri, mimi natembea, lakini ile mistari iliyokuwa pale haikuhamia popote.

Boda_Wandegeya
Mzee wa akedi kumbe ulikuwa unauza viatu kwenye maegesho ya mama huyu!

Akedi_ya_Zamani
Nilikuwa nalipa kodi, kijana.

BintiWaArua
Dada Mama Sidi, mimi nanunua vitenge na nilishaacha kuingiza gari kule chini. Naliacha kwa watu wa kuosha magari Kisenyi, wanaosha, wanalilinda mpaka nimalize. Mzigo unaletwa na toroli mpaka hapo. Ukijumlisha kuosha na toroli bado ni chini ya hicho chuma ulicholipia, na gari linang'aa. Ila usiache kitu ndani, hata mwavuli.

Jingine: hizo karatasi za mashine zipige picha siku hiyo hiyo. Ukiziacha juu ya dashibodi jua linakula maandishi, baada ya wiki mbili una kikaratasi cheupe. Nilishawahi kwenda kubishana nao na kikaratasi cheupe mkononi. Waliniangalia tu.

MamaSidi_Bombo
Nimewasoma wote, Mwenyezi Mungu awalipe. Kesho nakwenda na barua. @BintiWaArua za mwezi wa nne kweli zimeshafutika, nimezishika hapa kama karatasi ya sambusa.

MamaSidi_Bombo
Narudi kama nilivyoahidi. Samahani kwa kuchelewa, tulikuwa na msiba.

Nimekwenda Jumatano. Kijana wa kalamu yupo! Ameniita "mami" kabla sijafika mlangoni. Nikampita.

Ndani wamenipa mchanganuo bila ugomvi, ila nilisubiri tangu saa tatu mpaka saa saba. Kati ya zile 14, kumi na moja ni za kabla ya Machi, karibu zote mtaa mmoja, Nasser Road, kila Jumanne. Aliyeniuzia ni mchapaji wa kadi za harusi, kwa hiyo hata ubishi hauna. Tatu ni za kwangu. Mbili nimezikumbuka, moja siku nilikwenda Nakasero kununua matunda ya futari nikasema ni dakika tano tu. Nimezilipa, na risiti nimeipiga picha hapo hapo kaunta.

Ya tatu ndiyo ilinipa nguvu. Imeandikwa gari langu lilipaki Kampala siku ambayo liko Bombo, liko juu ya mawe, giaboksi imetolewa! Nilikuwa na karatasi ya fundi yenye tarehe, na picha kwenye simu ambayo Sidi alijipiga amekaa ndani ya boneti. Yule bwana akaikuza picha, akaitazama sana, akacheka, akasema pengine mtu alikosea herufi moja ya namba. Akaifuta mbele yangu.

Zile kumi na moja hajazifuta. Wamezisimamisha siku thelathini, wanataka kadi ya gari yenye jina langu, mkataba peke yake hawautaki. Mwenye gari wa zamani amepokea simu hatimaye, nilitumia namba ya shemeji. @KaraniWaMahakama kweli alidhani nimegonga mtu. Tumekubaliana Jumatatu twende kubadilisha jina, gharama nusu kwa nusu, na kuhusu Nasser Road amesema "tutaongea". Sijui kama tutaongea.

@FundiKatwe mafuta ya taa nimepaka. Karatasi imetoka, gundi imebaki, kioo sasa kina ukungu hapo hapo machoni.

FundiKatwe
Kitambaa ulikiacha muda gani?

MamaSidi_Bombo
Toka magharibi mpaka isha, nilisahau.

FundiKatwe
Mafuta yamekauka hayo mama. Rudia, na mara hii usiondoke.