Anatembea kwa magongo, ana VVU na sasa TB: miadi inampita

VHT_Juru:
Habari za kazi, wenzangu. Hapa Nakivale, makazi ya wakimbizi Uganda, kuna mgonjwa anayetembea kwa magongo, yuko kwenye TLD (kidonge kimoja chenye ARV tatu, mojawapo dolutegravir), na mwezi huu ameanzishiwa dawa za TB. ARV anafuata Jumanne, TB Alhamisi, na boda anayekubali kumpakia na magongo yake hudai nauli ya watu wawili. Ameshakosa miadi miwili, kituo kimemwandika mtoro. Tumsaidieje kabla hajapotea?

Dada_Famasi:
Kaka, anza na vidonge vyenyewe. Rifampisini, mojawapo ya dawa za TB, hulichochea ini liivunje dolutegravir haraka, kwa hiyo TLD moja kwa siku haimtoshi tena. Aongezewe dolutegravir ya miligramu 50: akimeza TLD saa 2 usiku, ile ya ziada aimeze saa 2 asubuhi, mpaka wiki 2 baada ya kumaliza rifampisini. Makosa hutokea hapa: kliniki ya TB hudhani ya ARV imeshampa, na ya ARV haina habari kwamba ana TB. Fungua mfuko wake, uhesabu makopo.

Uliza pia vitamini B6, miligramu 25 kwa siku. Isoniazidi, dawa nyingine ya TB, huleta ganzi mikononi na miguuni, na kwa mtu wa magongo viganja ndiyo miguu yake. Akisema viganja vinawaka au gongo linamponyoka, apelekwe, msingoje miadi. Na aambiwe mapema kwamba mkojo utageuka rangi ya chungwa. Wengi huacha dawa kwa hofu hiyo tu.

Mshauri_Mbarara:
Hilo neno "mtoro" linaniuma. Mwenye TB na VVU anapaswa kupewa dawa zote mahali pamoja, siku moja, kwa hiyo dai Jumanne na Alhamisi ziunganishwe. Makundi ya kuchukuliana dawa kijijini kwa kawaida ni ya waliotulia kwenye matibabu, atayangoja mpaka TB iishe. Kwa sasa msaidizi wake wa matibabu aandikwe kwenye kadi ili amchukulie. Makohozi ya kupimwa mwisho wa mwezi wa 2 nayo yanaweza kutangulia kwa kikopo.

Siku akifika, simamia mizani. Hawezi kusimama bila magongo, basi hupimwa nayo na uzito unaandikwa hivyohivyo. Kilo 53 na magongo ya kilo 2 inasomeka 55, naye anapewa vidonge 4 vya TB badala ya 3. Yapimeni magongo peke yake, kisha mtoe uzito huo kwenye jumla.

VHT_Juru:
Asanteni sana. Ana kisukari pia, metformini gramu 2 kwa siku.

Dada_Famasi:
Hiyo mfikishie daktari leo. Dolutegravir huzuia figo kuitoa metformini, ikajaa kwenye damu. Kawaida haivushwi gramu 1 kwa siku. Asijipunguzie mwenyewe, daktari ataipanga upya huku sukari ikipimwa.