Ushauri: nijipinde ninunue laptopu ya kioo cha 4K, au hii T480 bado inatosha kwa kazi ya ramani?

Mchoraji_Uyole:
Wakuu, habari za leo. Nachora ramani za upimaji: QGIS, AutoCAD 2014, na Excel ya koodineti. Ofisi iko Uyole, Mbeya, ila kila mwezi kuna siku za saiti, mara Chunya mara Mbarali. Mashine ni ThinkPad T480, i5 ya kizazi cha 8, RAM 8 kipande kimoja, SSD 256, kioo cha inchi 14 chenye 1366 x 768.

Nikifungua QGIS, orodha ya leya ikikaa kushoto na jedwali chini, ramani yenyewe inabakiwa na kijidirisha cha ukubwa wa kadi ya mchango wa harusi. Mwanjelwa nimeona mtumba ya inchi 15.6 ina kioo cha 4K, wanataka 1,900,000. Nina 1,500,000, na T480 wako tayari kuipokea kufidia iliyobaki. Nijipinde au napigwa? Nawasilisha.

Kipengere:
Mkuu, ugonjwa uliotaja ni wa nafasi, dawa unayotaka kununua ni ya ukali wa maandishi. Muuzaji anaviuza kama kitu kimoja.

Kioo chako kina pikseli milioni 1 na kidogo. Full HD, yaani 1920 x 1080, ina milioni 2. 4K, 3840 x 2160, ina karibu milioni 8.3. Ukisikia hivyo unaona 4K ni uwanja wa mpira. Ila kwenye inchi 15.6 zimebanana 282 kwa kila inchi, na kwa skeli (kiwango cha Windows kukuza maandishi na vitufe) ya 100% maandishi yanakuwa kama ya karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi la dawa. Utapandisha skeli hadi 250%. Sasa gawanya: 3840 kwa 2.5 ni 1536, na 2160 kwa 2.5 ni 864. Chukua Full HD ya kawaida kwa skeli ya 125%: 1920 kwa 1.25 ni 1536, na 1080 kwa 1.25 ni 864. Nafasi ni ileile, namba kwa namba. Ulicholipia ni herufi kunyooka.

Na jicho lina mwisho wake. Jicho zima linatenganisha nukta mbili zilizoachana 1/60 ya digrii. Ukikaa sentimita 50 kutoka kwenye kioo, hiyo ni kama pikseli 175 kwa inchi. Ukisogea hadi 40, karibu 218. Full HD ya inchi 14 ina 157. Kwa hiyo kutoka kwenye 112 uliyo nayo kwenda 157 utaona mabadiliko asubuhi hiyohiyo. Kutoka 210, yaani 2560 x 1440 ya inchi 14, kwenda 282 itabidi uambiwe.

Dada_Plota:
Kaka Kipengere, hesabu hiyo ni ya nukta, si ya mistari. Mstari wa mshazari ukiwa na ngazi, jicho linaiona ngazi hata pale lisipoweza kutenganisha nukta mbili. Na ramani ni mistari mitupu. Fungua kontua (mistari ya mwinuko) za mita 2 za mteremko wa Rungwe kwenye 1366: zinashikana, unaona doa la kahawia. Kwenye kioo chenye pikseli nyingi zinaachana bila kukuza. Anayehakiki ramani kabla ya kuipeleka kwenye plota (printa ya ramani kubwa) ya A1 anafaidika.

Lakini hata mimi nisingelipia faida hiyo kwenye inchi 15.6. Monita ya nje ya inchi 27 yenye 2560 x 1440 ina pikseli 109 kwa inchi, karibu sawa na kioo chako cha sasa, kwa hiyo unaitumia kwa skeli ya 100% bila kukunja uso, na nafasi yote 2560 x 1440 ni ya kazi. Hiyo ni mara tatu na nusu ya unayofanyia kazi leo. Ramani ikae huko, leya na jedwali vibaki kwenye laptopu.

Angalizo moja: ukishawishika na monita ya 4K, usiiunganishe kwa HDMI ya T480. Ni HDMI 1.4, kwa 4K inaishia picha 30 kwa sekunde, na kipanya kitaonekana kinaburuta mguu. Tumia tundu la USB-C, kebo ya kwenda DisplayPort, upate 60. Kwa 2560 x 1440 HDMI hiyo haina neno.

Saiti_Chunya:
Mnaongea kama jamaa hatoki ofisini. Juani pikseli hazikusaidii, kinachosaidia ni mwanga. Vioo vingi vya kawaida ni niti (kipimo cha mwanga wa kioo) 250 hivi. Nje, hata chini ya mti, unataka 400 kwenda juu, na kioo kisichong'aa. Laptopu nyingi za 4K zina kioo cha kung'aa, utajiona sura yako na mawingu.

Halafu betri. T480 yenye betri mbili ndogo ina Wh (wati-saa) 24 ndani na 24 ya kuchomoa, jumla 48. Tuseme kazi ya kawaida inakula wati 8: saa 6. Kioo cha 4K kikiongeza wati 4, umebaki na saa 4. Tena hiyo mtumba betri yake haitakuwa mpya. Na T480 inapokea betri ya nyuma ya Wh 72, unaichomoa na kuweka nyingine huku mashine inawaka, kwa sababu ile ya ndani inaishikilia. Ukiiacha Mwanjelwa, umeacha na hilo.

Mchoraji_Uyole:
Nimewaelewa. Kwa hiyo hata kubadili kioo tu kwenye hiihii T480 kinawezekana? Kuna fundi kaniambia ana kioo cha 2560 x 1440, "kinaingia tu". Na monita ntaifikiria, ila umeme ukikatika inazima.

Fundi_Kabwe:
Hakiingii tu. Kioo cha kawaida cha T480, cha 1366 na cha 1920, kinatumia konekta ya eDP (njia ya kupeleka picha kwenye kioo) ya pini 30. Cha 2560 x 1440 ni pini 40, data yake ni nyingi zaidi na inahitaji nyuzi zaidi. Bila kununua na kebo yake ya pini 40 utabaki na kioo mkononi. Cha Full HD kisicho cha kugusa kinakaa kwenye kebo uliyo nayo. Full HD ya kugusa nayo ni pini 40, usichanganye.

Hatari ipo kwenye laptopu za zamani, za kizazi cha 2 na 3, zenye LVDS, njia ya picha iliyotangulia eDP, ya pini 40. Konekta inafanana kwa sura na eDP ya pini 40, umeme unapita kwenye pini tofauti. Mtu akichomeka kimakosa anaua kioo, pengine na madabodi. T480 haina shida hiyo, ila nasema kwa atakayesoma uzi huu akiwa na mashine nyingine.

Namna ya kuagiza: soma kodi nyuma ya kioo, si jina la laptopu. TN na IPS ni teknolojia mbili za kioo. Kwa kiwanda cha AUO, B140XTN ni 1366 ya TN, B140HTN ni Full HD ya TN, B140HAN ni Full HD ya IPS. Kwa kiwanda cha BOE, NV140FHM ni Full HD ya IPS. Inayoanza na NT ni TN. Usichukue TN hata kama ni Full HD, ukiinamisha kioo kidogo rangi zinageuka, na kwenye ramani ya matumizi ya ardhi kijani cha msitu na cha shamba vitakuwa kitu kimoja. Uliza pia rangi: kilichoandikwa 45% NTSC (kipimo cha wingi wa rangi) kimepauka, 72% ndicho kinakaribia sRGB kamili, yaani rangi za kawaida za kompyuta. Halafu angalia masikio ya skrubu, vioo vya inchi 14 vipo vyenye masikio na visivyo nayo.

Kufunga ndiko wengi wanakoharibu, na kosa ni lilelile kila mara: kuchomoa kebo ya kioo betri ikiwa na umeme. Pini ya umeme wa taa ya nyuma ikigusa jirani yake, kifyuzi kidogo kwenye madabodi kinaungua. Dalili yake: unawasha, sauti ya Windows inasikika, kioo cheusi, ukimulika tochi kwa mshazari unaona picha hafifu ndani. Mtu anadhani kauziwa kioo kibovu, anarudi dukani kugombana.

T480 ina betri ya ndani, kwa hiyo kuchomoa ya nyuma hakutoshi. Washa, bonyeza F1 uingie BIOS (menyu ya mipangilio ya mashine kabla ya Windows), nenda Config, Power, kisha Disable Built-in Battery, kubali. Itazima, na haitawaka tena mpaka uchomeke chaja. Hapo toa betri ya nyuma na uanze kazi.

Fremu ya mbele imeshikwa na vibanio vya plastiki. Ingiza kadi nyembamba ya plastiki, anzia pembeni, usianze juu kwenye kamera. Na Juni au Julai usifanye kazi hii alfajiri: kwa baridi ya huku plastiki imekakamaa, vibanio vinakatika kama njiti za kiberiti. Pasha kidogo kwa drayeri ya nywele. Fungua skrubu za kioo, kilaze kifudifudi juu ya kitambaa kwenye kibodi, inua gundi ya plastiki juu ya konekta, nyanyua kile kishikizo chembamba cha chuma, kisha vuta kebo kwa ulalo, sambamba na kioo. Ukiivuta kwenda juu unang'oa konekta.

Kipengere:
Kabla ya kununua chochote ongeza RAM. Kipande kimoja cha 8 kinafanya kazi kwa njia moja, na kadi ya picha ya ndani inakopa RAM hiyohiyo. T480 ina soketi mbili za DDR4. Weka 8 nyingine, pikseli zinazoongezeka hazitaitesa.

Na hiyo AutoCAD 2014 ndiyo ingekulaza macho kwenye 4K. Haikujengwa kwa skeli kubwa. Vitufe vingekuwa punje za mchele. Kuna njia ya kulazimisha: bofya kulia ikoni yake, Properties, Compatibility, Change high DPI settings, weka alama kwenye override, chagua System. Vitufe vinakua ila maandishi yanakuwa na ukungu, yaani umelipia ukali halafu umeufuta. Kwenye Full HD ya inchi 14 kwa 125% unaweza kuiachia 100% yake na bado ukaisoma.

Saiti_Chunya:
Ukishikilia kununua mtumba hata hivyo, pale dukani usitazame stika. Fungua Settings, System, Display, usome rezolusheni iliyoandikiwa Recommended. Andika `powercfg /batteryreport` kwenye dirisha la amri, fungua faili lililotoka, linganisha DESIGN CAPACITY na FULL CHARGE CAPACITY. Weka picha nyeupe tupu kioo kizima, utaona alama za kubanwa. Kisha nyeusi, uone mwanga unaovuja kingoni. Halafu funga na kufungua kifuniko taratibu mara kadhaa. Mistari ikija na kuondoka kwa pembe fulani, ni kebo. Unganisha monita: mistari ikionekana na huko, achana nayo, ni kadi ya picha.

Mchoraji_Uyole:
Basi, 4K naiacha Mwanjelwa. Naanza na RAM na kioo cha IPS cha pini 30, monita ya 27 mwezi ujao pamoja na UPS. Nyuma ya kioo changu nimesoma B140XTN, kwa hiyo natafuta B140HAN au NV140FHM. Swali la mwisho kwa Fundi_Kabwe: kioo kikitoka Dar na basi, nikikuta kibovu wanapokea?

Fundi_Kabwe:
Wengi wanapokea kama plastiki ya kinga haijabanduliwa, ila uliza kabla ya kulipa. Kwa hiyo usikifunge kwanza. Kichomeke kebo kikiwa kimelala kwenye kibodi na plastiki yake, gundi na kishikizo vikae, rudisha betri ya nyuma, chomeka chaja, washa. Pitisha nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani, bluu. Kikiwa safi, zima, rudi BIOS ulaze betri ya ndani upya, maana chaja imeiamsha, toa chaja na ya nyuma, ndipo ufunge skrubu. Plastiki bandua mwisho kabisa, kabla ya kurudisha fremu.

Mchoraji_Uyole:
Hapo kwenye betri kuamka ningeungua. Ndaga fijo, asanteni sana, wakuu.