Nimeuziwa ocellatus kwa jina la multi hapa Dodoma, na samaki wangu wamekufa

Wakuu habari za jioni. Nina hasira, mnivumilie.

Mwezi uliopita nilinunua samaki sita wa maganda, wale wadogo wa Ziwa Tanganyika wanaoishi na kuzaliana ndani ya maganda matupu ya konokono. Muuzaji yupo hapa hapa mjini, jina simtaji. Nilimwambia wazi nataka multifasciatus, maana multi wanakaa kiukoo, wazazi na watoto pamoja, na tangi langu ni la lita 60 tu. Akaniapia: "Hao ndio multi wenyewe, kaka." Elfu kumi na tano kila mmoja. Nikatoa elfu tisini, nikamwamini.

Watatu walikuwa ocellatus, aina nyingine kabisa ya samaki wa maganda!

Jamani, multi ana mistari myembamba iliyosimama ubavu mzima. Ocellatus hana mistari hiyo. Ana doa jeusi shavuni lenye ukingo wa dhahabu, ukimmulika kwa tochi ya simu linameta. Angeniuzia similis, aina nyingine tena ya maganda, ningenyamaza, maana huyo na multi ni kama mapacha: mistari ya similis inapanda mpaka kichwani karibu na jicho, ya multi inaanzia nyuma ya shavu. Hata wataalamu wamempa similis jina lake mwaka 1992 tu, wakati multi analo tangu 1906. Lakini ocellatus? Mtu anayeishi kwa kuuza samaki?

Ocellatus dume hataki jirani. Kila mmoja alijitwalia kona yake, na multi akisogelea ganda anafukuzwa mpaka juu ya maji. Siku ya kumi na moja nilikuta multi wawili wamekufa nyuma ya filta, mikia imechanika. Mmoja ganda alilokuwa akilikimbilia lilikuwa sentimita chache tu kutoka alipolala.

Hayo ni ya samaki. Kuna kokoto. Aliniuzia kokoto za bluu, akasema mchanga unachafua tangi. Samaki hawa kazi yao ni kuchimba, wanabeba mchanga mdomoni na kuutema pembeni mpaka ganda likae wanavyotaka. Nilimtazama multi jike, hafiki sentimita tatu, anang'ang'ana na kokoto kubwa kuliko kichwa chake. Anaiacha, anaizunguka, anairudia. Jioni nzima. Iliniuma sana.

Halafu eti nisitumie maji ya bomba, Dodoma maji yana chumvi, ninunue ya chupa. Ni kweli birika langu limeshika utando mweupe, maji yetu ni magumu. Ndiyo wanayoyapenda! Ziwa lenyewe pH yake (kipimo cha asidi ya maji, 7 ndiyo katikati) inakaribia 9. Nimeteketeza hela kwenye katoni za maji wakati ningekinga ndoo, nikaiacha ikae klorini itoke, basi.

Nimemrudia dukani na picha. Jibu lake: "Samaki hufa." Hela harudishi, hata kunibadilishia hataki. Reli ya kutoka Kigoma inapita hapa hapa mjini, samaki ni wa ziwa letu, na bado tunauziwa kwa kubahatisha.

Nimeshatoa kokoto, nimeweka mchanga laini uliooshwa, ocellatus nimewatenga. Multi amebaki huyo jike peke yake na maganda kumi na mawili. Mwenye multi wa kweli, Dodoma au hata Singida, anitafute inbox. Ila atume kwanza picha ya ubavuni, shavu lionekane.