Mimba nje ya kizazi: sindano au upasuaji? Mdogo wangu anatakiwa kujibu kesho asubuhi

BintiKilindoni (mwanzisha mada), Jumatatu saa 4:10 usiku

Ndugu zangu, habari za usiku. Naandika nikiwa Mbagala, mdogo wangu yuko chumba cha pili na najua hajapata usingizi. Ana miaka 27, anaishi Mafia, pale Kilindoni, ana mtoto wa miaka minne aliyemwacha kwa mama. Alikuja Dar kwa harusi ya binamu yetu, akaanza kutoka matone ya damu na maumivu upande wa kulia, chini ya kitovu. Tukadhani siku zake zimevurugika. Kupima mkojo, mistari miwili. Tulifurahi jioni moja tu.

Leo utrasaundi imeonyesha kizazi kitupu, na kwenye mrija wa uzazi wa kulia kuna uvimbe wa milimita 26. Mapigo ya moyo hayaonekani. Homoni ya mimba, hCG, juzi ilikuwa 1,870, leo 2,140. Daktari amesema mrija haujapasuka, kwa hiyo tunaweza kuchagua: sindano ya methotrekseti au upasuaji wa kuutoa mrija. Kesho saa mbili anataka jibu.

Mama kasema kwa simu asichanwe, atakosa watoto. Jirani kasema sindano hiyo ni ya saratani. Mwenyewe ananiuliza swali moja tu: haiwezi kuhamishwa ikawekwa mahali pake? Mliopitia hili, niambieni mlichagua nini na kwa nini.

MamaZayana, saa 4:31 usiku

Pole sana dada, na yeye umpe pole. Mwaka 2021 nilikuwa hapohapo alipo. Namba yangu ilikuwa 980, nikachagua sindano. Walinipima urefu na uzito, kwa sababu dozi hupigiwa hesabu kwa ukubwa wa mwili, wakapima damu kuangalia ini na figo, wakanichoma. Siku ileile nikarudi nyumbani kwa miguu yangu.

Kilichonichosha ni kusubiri. Siku ya nne nikapima, namba imepanda. Nililia kwenye benchi la maabara mpaka mhudumu akatoka kunibembeleza. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba siku ya nne mara nyingi hupanda! Kinachoangaliwa ni kuanzia siku ya nne hadi ya saba: ishuke angalau asilimia 15. Yangu ilishuka, kisha nikapima kila wiki mpaka wiki ya sita ikaisha kabisa. Siku ya tano na ya sita tumbo liliniuma sana, na kila likiuma unajiuliza, ndo umepasuka? Aliyeko karibu na hospitali anaweza kwenda kuangaliwa, akarudi kulala. Mimi nilikwenda mara mbili.

Mrija wangu ninao mpaka leo. Mwanangu alizaliwa 2023.

NesiWaZamu, saa 4:50 usiku

Nianze na swali la mdogo wako, maana ndilo linalomnyima usingizi. Haiwezi kuhamishwa, dada. Imeshajishika kwenye ukuta wa mrija, na hakuna hospitali popote duniani inayoweza kuing'oa ikapandwa upya ikiwa hai. Mwambie hivyohivyo, na mwambie asijione ametoa mimba. Mimba hii haina pa kukulia, na ikiachwa inaweza kumpasua mrija.

Kuhusu saratani: ni kweli dawa hiyo hutibu saratani, kwa sababu inazuia seli zinazogawanyika haraka. Seli za mimba nazo ni hivyo. Kwake ni dozi ndogo, mara moja, pengine mbili.

Muulizeni daktari haya kabla ya kuamua. Ananyonyesha? Ana upungufu wa damu? Amewahi kuugua ini, figo au mapafu? Lolote kati ya hayo linaweza kuifunga njia ya sindano. Halafu kuna kosa ninalolikuta wodini kila mara: mama ameshaanza kunywa FEFO, vile vidonge vya madini chuma na foliki asidi, kwa sababu amejua ni mjamzito, anachomwa sindano, anarudi nyumbani anaendelea na vidonge vyake. Ile foliki asidi ndiyo hasa dawa inayopigana nayo! Aache kabisa mpaka aambiwe. Asinywe diklofenaki wala ibuprofeni, atumie panadol. Pombe hapana, tendo la ndoa hapana, na baada ya matibabu asishike mimba kwa miezi mitatu.

BabaWaWatatu, saa 5:15 usiku

Nawaheshimu waliotangulia, ila naomba mnisikilize na mimi. Mke wangu naye alichagua sindano. Siku ya nane akajisikia mzima, tukarudi kijijini, kilomita 90 za barabara ya vumbi, kwa sababu mahindi yalikuwa shambani na watoto walikuwa peke yao. Siku ya 11, alfajiri, alikuwa anafagia uwanja akakaa chini. Akaniambia bega linamuuma. Bega! Nikamchua na mafuta. Laiti ningejua kwamba damu ikijaa tumboni, maumivu hutokea begani. Alipojaribu kusimama macho yakageuka, midomo imekuwa myeupe kama kitambaa.

Tulipata gari saa tatu. Alipofika presha ilikuwa haisomeki. Walimpasua hapohapo, damu iliyomwagika tumboni wakaichuja na kumrudishia mwenyewe, kwa sababu benki haikuwa na kundi lake. Yuko hai, namshukuru Mungu kila nikimwona.

Silaumu dawa. Swali langu kwako ni moja: Kilindoni kuna boti ya usiku?

BintiKilindoni, saa 5:22 usiku

Hakuna, kaka yangu. Ya mchana yenyewe ni mpaka Nyamisati halafu gari hadi Dar, na bahari ikichafuka hakuna safari. Sikuwa nimelifikiria hilo.

MwanaMvita, saa 5:40 usiku

Dadangu, mimi niko Mombasa. Nilifanyiwa operesheni ya matundu madogo, mrija wa kushoto ukatolewa. Siku ya pili niko nyumbani, wiki ya pili nimerudi kazini. Nilichotaka ni mambo yaishe. Nina moyo wa wasiwasi, zile wiki sita za kupimwa damu nisingeziweza. Lakini uliza mapema kama hospitali yenu ina hiyo ya matundu, kwa maana nyingi hufungua tumbo, na hapo kupona ni wiki sita hivi. Mimi nilishika mimba mwaka uliofuata kwa mrija mmoja.

MganjoMtulivu, saa 5:48 usiku

Hivi hakuna kusubiri tu iishe yenyewe? Nimesikia kuna wanaoachwa.

DaktariWaKinaMama, saa 6:05 usiku

Wapo, ila ni wale ambao homoni iko chini na inashuka yenyewe. Huyu inapanda. Hilo tuliweke kando.

Miongozo ya Uingereza inaweka hivi: hCG chini ya 1,500, uvimbe chini ya milimita 35, hakuna mapigo ya moyo wala maumivu makali, sindano ndiyo ya kwanza. Ikizidi 5,000, upasuaji. Kati ya 1,500 na 5,000 mgonjwa huchagua, na huko ndiko aliko mdogo wako. Ajue tu kwamba kadiri namba inavyopanda ndivyo uwezekano wa kuhitaji sindano ya pili, au kuishia kwenye upasuaji, unavyoongezeka.

Mama yako mtoe hofu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 uliwafuatilia wanawake 446 ambao mrija wa pili ulikuwa mzima. Nusu walitolewa mrija, nusu ulichanwa mimba ikatolewa na mrija ukaachwa. Ndani ya miaka mitatu, waliopata mimba ya kawaida bila msaada walikuwa asilimia 56 kwa waliotolewa na 61 kwa walioachiwa, tofauti ndogo isiyoweza kutegemewa. Lakini walioachiwa, asilimia 7 walibaki na mabaki ya mimba yaliyohitaji kutibiwa tena. Ndiyo maana mrija wa pili ukiwa mzuri tunautoa ule mbovu.

Vyovyote atakavyochagua, mimba ijayo awahi utrasaundi wiki ya sita. Uwezekano wa kujirudia ni kama mmoja kati ya kumi.

Mimi, nikiwa na mgonjwa kama huyu, naangalia namba, kisha namuuliza atalala wapi kwa wiki sita zijazo. Akinijibu "kisiwani", sindano simpi.

BintiKilindoni, Jumanne saa 7:30 mchana

Tumetoka hospitali. Usiku nilimsomea yote, na nilipofika kwenye habari ya bega akaniambia rudia. Tukampigia mama simu. Tulimwuliza kama anaweza kukaa na mtoto hadi mwezi na nusu; akanyamaza, akasema mtoto hana shida, shida ni yeye mwenyewe kuwa mbali na binti yake. Mdogo wangu amechagua sindano, kwa sharti kwamba hatoki Mbagala mpaka namba iishe. Kutoka kwangu hadi hospitali ni dakika 20 kwa bajaji, na jirani mwenye gari ameacha namba yake ukutani. FEFO nimezificha mimi.

BintiKilindoni, Jumatatu iliyofuata, saa 11:05 jioni

Siku ya nne ilikuwa 2,480. MamaZayana, Mungu akubariki, bila wewe tungelia wote wawili pale benchi. Leo siku ya saba ni 1,950. Daktari kapiga hesabu mbele yetu: imeshuka asilimia 21. Jana usiku tumbo lilimshika, tukaenda, wakampiga utrasaundi, hakuna damu tumboni, tukarudi saa nane usiku. Mwanawe amepiga simu kuuliza boti imeharibika? Kipimo kingine Jumatatu ijayo.