Tupeane uzoefu: umemaliza marathoni, baridi imeingia, ulirudije kwenye mazoezi?

Mwanzisha uzi

Habari zenu wakuu. Uzi huu ni wa wale waliomaliza kilomita 42.195 kati ya Oktoba na Novemba, wakavua medali, wakakuta nje giza linaingia saa kumi na moja jioni na barabara ina barafu. Habari za siku ya mbio tumezisema hadi zimechuja. Mimi nataka zile wiki nne tano zinazofuata, maana huko ndiko nilikoumia.

Marathoni yangu ya kwanza nilimaliza kwa saa 4 na dakika 11. Siku mbili nilishuka ngazi kinyumenyume huku nimeshikilia ukuta. Siku ya sita nikaamka mwepesi, paja halilalamiki, goti kimya. Nikajua nimepona. Nikatoka kupiga kilomita 12, baridi chini ya sifuri na upepo juu yake. Njia nzima sikusikia kitu. Kumbe ilikuwa ganzi, mimi naiita uzima.

Nilivyorudi nikakaa mlangoni kuvua viatu. Kamba zilikuwa zimeganda na theluji, fundo gumu kama kokoto, ikabidi nisubiri liyeyuke. Nikiwa pale joto likaanza kurudi miguuni, na kigimbi cha kushoto kikaanza kuvuta, kwanza kidogo, halafu nikashindwa kusimama. Wiki tano sikukimbia.

Baadaye ndiyo nikaelewa: maumivu ya misuli hufika kileleni siku ya pili au ya tatu kisha yanaondoka, lakini misuli yenyewe bado inajengwa ndani kwa ndani. Mimi siku ile ya sita nilikuwa nimepona maumivu tu. Karibuni, semeni yenu.

Mzee wa Akiba

Mkuu, pole. Mimi nafuata ile kanuni inayonasibishwa na Jack Foster wa New Zealand: kila maili uliyoshindana, siku moja bila mashindano wala mazoezi makali. Marathoni ni maili 26, basi siku 26. Watu wanaipotosha wakidhani ni siku 26 za kulala kitandani. Hapana, unatembea, unajogi polepole, ila saa ya mkononi huitazami. Na Foster hakuwa mtu wa maneno matupu, mwaka 1974 alikimbia 2:11:18 akiwa na miaka 41.

Mimi huwa nafika siku ya 15 hivi ndiyo mkono unaanza kuwasha kutaka kasi. Hapo namwachia mke wangu saa aifiche. Sitanii.

Soksi Mbili

Wengi mnasema miguu, mimi nilikamatwa na mavazi. Kila mtu anajua ule ushauri wa kuvaa kana kwamba nje kuna digrii 10 zaidi ya zilizopo, kwa sababu mwili utatoa joto. Ushauri mzuri, lakini ni wa mtu anayekimbia kwelikweli! Ukiwa unajiuguza baada ya marathoni unakwenda mwendo wa kobe, joto lenyewe hulitoi.

Wiki ya tatu nilitoka na fulana moja ya mikono mirefu na glavu nyembamba. Kilomita ya 4 nyonga ikabana, nikaanza kutembea kurudi. Jasho lililokuwa mgongoni likageuka maji ya barafu. Nilipofika mlangoni nikatoa ufunguo, vidole vikakataa kuuzungusha. Nauona ufunguo, nauona mkono, havielewani. Nikaushika kwa viganja viwili kama mtu anayeomba dua, mpaka jirani akanifungulia.

Tangu siku hiyo wiki za mwanzo sikimbii njia ya kwenda mbali. Nazunguka mtaa huohuo, mzunguko wa kilomita moja na nusu. Inachosha akili, ila popote mwili utakapokataa niko karibu na nyumbani.

Kobe Mwendo

Mimi nilikaa mwezi mzima bila kukimbia, nikanenepa. Sijuti.

Mashine Tu

Jamani kwa nini mnajitesa nje? Wiki mbili za mwanzo baiskeli ya kusimama na kuogelea, kisha mashine ya kukimbilia, mwinuko asilimia 1, basi. Mashine haina barafu wala giza. Kipimo changu ni mapigo ya moyo asubuhi kabla sijatoka kitandani. Kawaida yangu ni 52. Baada ya mbio za mwisho yalikaa 60 na 61 kwa siku tisa, na siku zote hizo nilijiona mzima. Yasiposhuka siongezi kitu.

Kinena

@Mashine Tu mkuu ningekusikia mapema. Mimi niliteleza wiki ya pili. Hata sikuanguka, na ndilo tatizo, ule mguu ulikwenda pembeni nikaukaza kuuokoa. Miguu iliyotoka marathoni haina wepesi wa kujirudisha. Msuli wa kinena ukachanika, miezi miwili naingia kwenye gari kama mjamzito.

Kama lazima utoke: hatua fupi, mguu utue chini ya mwili na si mbele yake, na ununue yale meno ya chuma yanayovalishwa juu ya kiatu. Hiyo hatua fupi nayo usiizidishe siku ya kwanza, vigimbi vitakuuma mahali usipopajua.

Dada wa Skafu

Kwangu ilikuwa kifua. Kila nikirudi, kikohozi kikavu nusu saa nzima, na filimbi ndani. Nikadhani mafua ya baada ya mbio. Daktari akanieleza hewa ya baridi ni kavu, njia za hewa zinakauka na kujibana. Nikaandikiwa dawa ya kuvuta kabla ya kutoka, na skafu mdomoni ikasaidia zaidi ya nilivyotegemea. Kikohozi kikija na filimbi msikipuuze.

Namba Mpya

Hakuna aliyegusa upweke. Mbio zimeisha, mpango umeisha, giza. Siku ya tatu usiku nikajiandikisha marathoni ya Aprili ili tu nipate kitu cha kusubiri.

Piga hesabu na mimi. New York ni Jumapili ya kwanza ya Novemba, Boston ni Jumatatu ya tatu ya Aprili. Katikati ni kama wiki 24. Ukitoa mpango wa wiki 16 unabaki na 8. Mimi niliona 8 ni nyingi, nikazila mbili kwa pupa, na mpango wenyewe nikauanza nikiwa tayari mchovu. Sasa zile 8 zote naziita za mwili, hazina mbio ya kasi hata moja.

Na tafadhali mtu asinitolee mfano wa Yuki Kawauchi, aliyeshinda Boston ya 2018 kwenye mvua ile ya baridi, eti alikuwa akikimbia marathoni nyingi kila mwaka. Yule ni yule.

Mgeni wa Kwanza

Wakuu naomba msaada. Leo ni siku ya 12. Asubuhi ukano wa kisigino umekaza, hatua kumi za kwanza nachechemea, halafu unalegea kabisa. Nje digrii 4 chini ya sifuri. Nitoke?

Mwanzisha uzi

Usitoke. Kulegea huko ndiko kulikonidanganya mimi. Ubane ukano kwa vidole viwili, ukiuma au ukiwa mnene kuliko wa pili, nenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Zoezi nililopewa mimi: simama ukingoni mwa ngazi, panda kwa mguu mzima, shuka polepole kwa ule mbovu. Mara 15 goti limenyooka, raundi 3. Mara 15 goti limekunjwa, raundi 3. Asubuhi na jioni, wiki 12.

Mgeni wa Kwanza

Wiki 12 mkuu?

Mwanzisha uzi

12.