Hatua tatu za NBA: refa kalala au sisi ndo hatujui kuhesabu?

Wakuu, tuongee kikapu, ligi ya Marekani. Hii ya "NBA wanatembea na mpira refa anaangalia tu" imeshanichosha. Kila ikirushwa klipu ya mchezaji James Harden anarudi nyuma kutupa ya pointi tatu, watu wanahesabu moja mbili tatu, traveli hiyo (kosa la kutembea na mpira)! Leo tubishane kwa hoja.

Msimamo wangu, mara nyingi refa yuko sahihi na anayekosea ni anayehesabu, maana anaanza mapema. Hatua zinahesabiwa mpira ukishakamatwa, sio pale ulipodunda mara ya mwisho. Chukua leyapu ya kawaida tu (unakimbia kufunga karibu na kikapu), unadunda, unaudaka kwa mikono miwili wakati mguu wa kulia uko chini, huo wa kulia ni sifuri, hauhesabiwi. Kushoto moja, kulia mbili, tupa. Kwa macho miguu imegusa chini mara tatu lakini ni halali kabisa, na sio NBA peke yao, FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, nao waliiweka kwenye sheria zao Oktoba 2017, kwa hiyo hata BAL, ligi ya Afrika, wakicheza Kigali ni hivyo hivyo. Sasa wewe unayesema ni sheria ya Wamarekani ya kuuzia tiketi umechelewa miaka kibao.

Wazee wa zamani mnaosema enzi zenu haikuwa hivi mna pointi kidogo, nakubali. Hiyo ruhusa ya hatua mbili NBA waliiandika wazi kitabuni 2009, na mapema mwaka huohuo staa LeBron James alipigiwa filimbi ya traveli dhidi ya timu ya Wizards akajitetea eti ile ni dribo ya kaa, yaani dundo moja na hatua mbili (nilicheka sana).

Ila traveli yenyewe hasa hamuipigii kelele. Jamaa kapokea pasi kasimama, anamfeki beki kushoto halafu anachomoka kulia, na ule mguu wa egemeo (unaotakiwa ubaki chini) ushanyanyuka wakati mpira bado uko mkononi haujaachiwa kwenda chini. Hiyo ni traveli NBA, ni traveli FIBA, ni traveli mtaani kwetu, na mechi za mtaani inapita kila dakika hakuna anayestuka kwa sababu macho yote yako kwenye mpira, hakuna anayeangalia miguu. Halafu haohao ndo wanamtukana refa kwenye leyapu safi.

Panaponipa shida mimi ni mahali pamoja tu. Mikono miwili ikishika mpira hakuna ubishi, umekamatwa. Ila mtu anadribo kwa mkono mmoja, kiganja kinateleza mpaka chini ya mpira, mpira unatulia kidogo halafu ndo anaruka nyuma. Hapo sifuri ni mguu upi? Refa ana nusu sekunde ya kuamua, sisi tuna slomo na bado tunagombana.

Marefa mliomo humu, nyie mnaangalia nini kwanza, mkono au mguu?