Mrejesho: Nilienda Unguja kujifunza kidumbak likizo ya Juni

Wakuu, nilikuja hapa Mei kuuliza kama mtu wa miaka 34 asiyejua kusoma noti anaweza kuanza fidla kwenye kozi ya likizo ya kidumbak (muziki wa kuchezea wa Zanzibar, ndugu wa taarabu), wiki 3 tu. Wengi mlisema niende. Mmoja akaniambia nianze na sanduku, ile besi ya kasha la mbao. Nilimcheka, samahani sana mkuu.

Fidla ilinishinda wiki ya kwanza. Tatizo halikuwa noti, maana mwalimu hakugawa karatasi hata moja. Anaimba kipande, unakirudia mpaka kikae. Tatizo lilikuwa maqam, yaani mpangilio wa noti wa muziki wa Kiarabu. Kwenye rasti, maqam mojawapo, ukianzia do, noti ya tatu inakaa katikati ya mi na mi bemoli (mi iliyoshushwa nusu toni), mahali ambapo kinanda cha kanisani kwetu hakina kidude cha kubonyeza. Nikiipandisha, mwalimu anakunja uso. Nikiishusha, anasema, "Sasa unalia, mwanangu."

Basi nikahamia sanduku: kasha la mbao limegeuzwa juu chini, fimbo, kamba moja. Ukivuta fimbo kamba inakaza, sauti inapanda. Siku ya pili kidole cha shahada kilitoka malengelenge, nikafunga plasta, nikaendelea.

Usiku wa mwisho tukapiga uani kwa jirani: dumbak mbili (ngoma ndogo), cherewa (manyanga), mkwasa (vijiti vya kugonga), fidla ya mwalimu, na mimi na sanduku. Kina mama waliinuka kucheza kabla wimbo wa kwanza haujaisha. Niliwahi mbele kidogo, mpiga mkwasa akanirudisha kwa jicho.

Aliyesema sanduku, nakudai namba ya fundi wa kunitengenezea langu huku Dar.